Frigeti za Perry: nane kazini, moja stoo

Sisi wa chumba cha injini, kabla ya kusifia meli yoyote, huuliza kwanza: spea zake zinapatikana? Niliwahi kukaa gatini siku kumi na moja nikisubiri sili ya pampu ya maji chumvi, kitu kinachoenea kiganjani, na meli nzima imelala. Tangu hapo nikisoma habari za manowari, mizinga naipita, naenda kwenye vipuri.

Ndiyo maana nazipenda frigeti za Marekani, manowari za ukubwa wa kati, za muundo mmoja uitwao daraja la Oliver Hazard Perry. Ya kwanza iliingia kazini Desemba 1977. Admeri Elmo Zumwalt, aliyekuwa mkuu wa jeshi la majini la Marekani, alitaka meli nyingi za bei nafuu za kulinda misafara ya meli, na unafuu huo ulileta minong'ono: shafti moja, rafadha moja ya kuisukuma meli! Ikifa hiyo, umebaki gogo majini. Wabunifu wakajihami kwa mota mbili za umeme, kila moja nguvu-farasi 350, zinazoteremshwa chini ya meli upande wa omo, yaani mbele. Mwendo wa kobe, lakini unafika.

Injini kuu ni turbini mbili za gesi, LM2500, za ukoo mmoja na injini za ndege ya DC-10. Turbini hiyohiyo imo kwenye manowari za mataifa mengi, kwa hiyo soko la vipuri vyake halikufa. Ikichoka, huifumui humo ndani kwenye joto. Unainyanyua kwa krini kupitia njia ya hewa, unashusha nyingine, mbovu inapelekwa karakana ya nchi kavu. Na meli zenyewe zilijengwa 71, katika Marekani, Australia, Hispania na Taiwan. Ukikosa kitu kwa huyu, utakipata kwa ndugu yake.

Aprili 1988, mojawapo ya frigeti hizi, USS Samuel B. Roberts, ilikanyaga bomu la majini la Iran huko Ghuba. Mkuku, uti wa mgongo wa meli, ulivunjika, turbini ziling'oka kwenye vitako vyake, na ubavu ukatoboka tundu la mita 5 hivi. Mabaharia waliifunga meli kwa kamba za chuma isikatike. Hakufa mtu. Ikabebwa juu ya meli nyingine mpaka Marekani, na huko mafundi wa kiwanda cha meli cha Bath Iron Works wakakata chumba kizima cha injini, wakapachika kipya cha tani 315. Sijui niite matengenezo au kubadilisha spea.

Uturuki walikwenda mbali zaidi. Wana frigeti nane za ukoo huu kazini, na ya tisa, iliyokuwa USS Duncan, waliinunua ili waichune vipuri tu. Wenye malori ya zamani wanaijua hesabu hiyo vizuri.

Kilichozishinda za Marekani ni silaha. Kombora lao la kutungulia ndege, SM-1, lilizeeka, huduma yake ikasitishwa, na kuanzia 2003 mtambo wa kulirushia, wenye mkono mmoja pale omo, ukaanza kung'olewa. Frigeti nyingine ya daraja hili, USS Halyburton, ilipofika pwani ya Somalia Aprili 2009, wakati maharamia wamemshika nahodha wa meli ya mizigo Maersk Alabama, haikuwa na mtambo huo tena. Ilikuwa na helikopta zake, na turbini zilezile mbili.