Mbona Picasso haji Mwanza? Tusidanganyane

Juzi tumekaa Kirumba tunakula sato, mshkaji wangu akaanza oooh wazungu wanatubania, maonyesho makubwa ya sanaa yanazunguka dunia nzima ila huku hayafiki kwa sababu mji wetu mdogo. Nikamwambia ngoja kaka.

Udogo wa mji sio ishu. Hazina za Tutankhamun, yule farao wa Misri, zilipozunguka Marekani kuanzia 1976 zilifika mpaka New Orleans na Seattle. Na 2011 picha ya Picasso, yule mchoraji wa Kihispania, ilitoka Eindhoven kule Uholanzi ikapelekwa Ramallah, Palestina, hebu fikiria foleni ya vibali hapo. Hiyo ya "Afrika hawaleti" nayo siyo, 2006 kazi za huyo huyo Picasso zilikuja Johannesburg na Cape Town.

Wanachoangalia ni chumba bwana. Mwenye picha anataka kujua kila kitu, mlango wa kushushia mzigo una upana gani, usiku kuna walinzi wangapi, moto ukiwaka mnazima na nini, halafu sasa hewa, na hapo ndo tunapokwama maana kwa miaka mingi walitaka joto kama digrii 20 na unyevu asilimia 50 usiku na mchana bila kuyumba, kwa sababu mbao na turubai vikivuta unyevu vinatanuka, vikikauka vinanywea, rangi inapasuka. Umeme ukikatika Igoma masaa matatu na jenereta haina dizeli utafanyaje? Sangara unampakia barafu anapanda ndege, picha je?

Mshkaji akaruka, "si unaona, masharti ya kwao hayo!" Nusu yuko sahihi aisee. Ila wakurugenzi wa makumbusho makubwa, lile kundi la Bizot, walishalegeza, unyevu 40 mpaka 60, joto 16 mpaka 25, na kwa joto hilo usiku wa Mwanza tunalo bure kabisa.

Kingine, watu wanadhani mji unaochaguliwa unalipwa. Wapi! Mara nyingi mwenyeji ndo anayelipa ada, usafiri, bima, mpaka tiketi na hoteli ya yule anayesindikiza kreti, yaani sanduku la picha, na kreti ikifika haifunguliwi hapo hapo, inaachwa kama masaa 24 izoee hewa ya chumba huku hoteli inahesabu.

Mshkaji akanyamaza kidogo, akauliza, na zile ngoma za watemi pale Bujora, makumbusho ya Wasukuma, zikiombwa Ulaya? Nikamwambia hapo maswali ya mlango na walinzi tunauliza sisi.