Papai halitalainisha nyama ya chumvi

Swali limerudi tena: nyama ya chumvi, yaani kidari cha ng'ombe kilicholazwa kwenye maji ya chumvi, imetelekwa kwa muda wa saa mbili, imetoka kama raba, sasa itiwe papai bichi kiasi gani? Haitiwi. Papai liacheni kwenye mishkaki.

Papai hula pale linapogusa tu, ndiyo maana hufaa vipande vidogo. Lipake kwenye kidari cha kilo 1.5, juu patakuwa uji na ndani patabaki vilevile. Maji yakichemka, nguvu yake imekufa. Kinachokaza kidari ni utando mweupe unaofunga nyuzi za nyama, na dawa yake ni moto mdogo wa muda mrefu. Supu ya makongoro inapoganda ikilala, kinachoganda ni utando huohuo ulioyeyuka. Ukizidisha moto, nyuzi hujikunja na kukamua maji yake, nyama ikakauka humohumo ndani ya sufuria iliyojaa.

Kulaza nyama: kwa kidari hicho, maji lita 2, chumvi gramu 160, sukari gramu 60, karafuu 4, giligilani na pilipili manga. Chemsha, yapoe kabisa, tumbukiza nyama, weka friji siku 5 hadi 7 ukiigeuza. Chumvi ipimwe kwa mizani, maana kijiko cha ile ya punje kubwa ya Gongoni si sawa na kijiko cha laini. Joto la Lamu halitaki ndoo hiyo ilale nje hata usiku mmoja. Rangi ya waridi huletwa na chumvi ya nitriti. Bila hiyo nyama itakuwa ya kijivu, na italainika vilevile. Msikisie shura, ile chumvi ya baruti, badala yake, ikizidi ni sumu.

Siku ya kupika, isuuze, iloweke saa moja, uiteleke kwa maji mapya ya baridi yaliyoipita vidole viwili. Engua povu. Kisha punguza moto mpaka uone kiputo kimoja kimoja kikipanda kandokando na uso wa maji ukitetemeka tu.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Kwenye saa ya pili nyama huwa ngumu kuliko ilivyoingia, kwa sababu nyuzi zimeshakaza na utando haujayeyuka. Aliye na haraka huongeza moto, au hukimbilia papai. Usiguse kitu! Vitabu husema saa tatu, nami siamini saa ya kitabu: ng'ombe wetu hufuata malisho mbali, na vidari viwili vya uzito mmoja hupishana hata saa nzima. Chomeka uma uuzungushe. Ukizunguka bila nyama kugeuka nao, imeiva.

Iepue, ifunike dakika 20. Onja supu, ikikolea chumvi mno, punguza nusu uongeze maji. Mbatata na karoti zitangulie dakika 15, kabichi iliyokatwa robo na kigogo chake ifuate, dakika 15 nyingine. Mboga zikiingia pamoja na nyama tangu mwanzo zitakuwa rojo.

Kidari kina matabaka mawili, na nyuzi za kila moja huelekea upande wake. Yatenganishe kwanza, kisha kata kukingama nyuzi, vipande vya unene wa penseli. Ukikata kufuata nyuzi, hata nyama iliyoiva vizuri utaitafuna kama kamba. Itakayobaki ilale ndani ya supu yake.