Je, wajua kwa nini Wamethodisti hubadilishiwa mhubiri kila Jumapili?

Mgeni atakayeabudu kwa mwezi mzima katika kanisa dogo la Kimethodisti nchini Uingereza huenda akawasikiliza wahubiri wanne tofauti: Jumapili ya kwanza mchungaji, ya pili mwalimu mstaafu, ya tatu muuguzi aliyetoka kanisa la kijiji jirani, na ya nne mtu ambaye waumini wenyewe hawajamwona kwa miezi kadhaa. Wenyeji hawashangai. Namba ya wimbo wa kwanza hutajwa, watu husimama, na ibada huendelea kama ilivyopangwa karatasini wiki nyingi kabla.

Kwa miaka mingi nililijibu swali hili kimakosa. Niliamini kwamba mabadiliko hayo ni dalili ya upungufu: kwamba kanisa la namna hiyo halina uwezo wa kumtunza mchungaji wake, na kwa hiyo hulazimika kumpokea yeyote apatikanaye. Kosa hili humjia kwa urahisi mtu aliyelelewa katika mazoea ya parokia, ambako kasisi na kanisa lake huambatana kama mwenye nyumba na nyumba, na ambako kumkuta mgeni mimbarani Jumapili baada ya Jumapili kungemaanisha kwamba kuna jambo limeharibika. Kwa Wamethodisti mambo ni kinyume. Kubadilishana wahubiri ndiko kulikokusudiwa tangu mwanzo, na kanisa linalomshikilia mhubiri mmoja mwaka mzima ndilo ambalo waasisi wangelionea shaka.

Historia yenyewe inaweza kuelezwa kwa ufupi. John Wesley, mwasisi wa Umethodisti na kasisi wa Kanisa la Anglikana aliyezaliwa mwaka 1703, alianza kuhubiri nje, mbali na majengo ya kanisa, mjini Bristol mwezi Aprili 1739. Wasikilizaji wake walijiunga katika jumuiya ndogondogo, na jumuiya hizo zilipoongezeka, mkutano wa wahubiri wa mwaka 1746 uliigawa kazi yote katika sehemu saba: London, Bristol, Cornwall, Evesham, York, Newcastle na Wales. Kila sehemu iliitwa sakiti, yaani mzunguko, kwa kuwa mhubiri aliizunguka akiwa juu ya farasi. Nchi nzima ya Wales ilihesabiwa kuwa mzunguko mmoja. Baadaye sakiti ziligawanywa na kupungua ukubwa, hata leo neno hilo linamaanisha kundi la makanisa ya mahali yanayoshirikiana wachungaji, wahubiri na fedha chini ya mchungaji msimamizi.

Kwamba kuzunguka huko kulikuwa kanuni na si dharura tu, Wesley aliandika mwenyewe. Mwaka 1756, katika barua kwa Samuel Walker, kasisi wa Kianglikana wa mjini Truro, alieleza kwamba kama yeye angehubiri mahali pamoja kwa mwaka mzima, angejilaza usingizi mwenyewe pamoja na sehemu kubwa ya wasikilizaji wake. Hoja yake ya ndani ilikuwa juu ya vipawa: mhubiri huyu ana kipawa kimoja, yule ana kingine, wala hakupata kumjua mtu hata mmoja mwenye vipawa vyote vinavyohitajika ili kuianzisha, kuiendeleza na kuikamilisha kazi ya neema katika kusanyiko zima. Kwa hiyo hakuamini kwamba ni mapenzi ya Bwana kusanyiko lolote liwe na mwalimu mmoja pekee.

Mwaka 1784 wazo hilo liliingia katika hati ya kisheria. Hati iliyoweka misingi ya Mkutano Mkuu wa Wamethodisti ilikataza mhubiri kupangiwa mahali pamoja zaidi ya miaka mitatu mfululizo, isipokuwa makasisi waliowekewa mikono katika Kanisa la Anglikana. Kifungu hicho ndicho kilichonifanya niliache jibu langu la zamani. Mtu anayesumbuliwa na uhaba wa wahubiri hatungi sheria ya kumng'oa mhubiri mzuri anayependwa na watu wake. Sheria ya namna hiyo hutungwa na mtu anayeona hatari katika kupendwa kwenyewe, iwapo mapenzi hayo yatamfanya mhubiri awe mali ya kanisa moja, au kanisa liwe mali ya mhubiri mmoja. Nchini Uingereza kikomo hicho cha miaka mitatu hakitumiki tena, na mchungaji kwa kawaida hupangiwa sakiti kwa miaka mitano ya mwanzo, ambayo inaweza kuongezwa.

Hata hivyo, jibu la upungufu lisitupwe lote. Wachungaji hawajawahi kutosha kwa makanisa yote, na siku hizi mchungaji mmoja wa Uingereza anaweza kuwa na makanisa kadhaa mikononi mwake. Uhaba unaeleza kwa nini mchungaji haji mara nyingi zaidi. Kwamba anapokuja Jumapili hii atakwenda kwingine Jumapili ijayo, hilo linatokana na kanuni.

Chombo kinachoendesha utaratibu huu ni ratiba ya mahubiri, nayo ni karatasi inayostahili kutazamwa kwa makini. Makanisa ya sakiti yameorodheshwa upande mmoja, tarehe za Jumapili za robo mwaka zimepangwa juu, na katika kila kisanduku pameandikwa jina la atakayeongoza ibada. Katika ratiba za zamani kila mhubiri alikuwa na namba kulingana na ukongwe wake katika orodha, na kisanduku kilijazwa namba hiyo tu, hivi kwamba karatasi nzima ilifanana na jedwali la hesabu. Herufi pembeni huonyesha ibada za pekee: Meza ya Bwana, sikukuu ya mavuno, maadhimisho ya kanisa.

Njia nzuri ya kuielewa ni kuilinganisha na mifereji ya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Maji ya mfereji hayamilikiwi na shamba lolote. Hutoka juu, na kila mwenye shamba hupata zamu yake kwa siku iliyokubaliwa. Mwenye shamba la karibu na chanzo hawezi kuyazuia kwa sababu tu yanapita kwake kwanza, na shamba dogo la chini kabisa linajua siku yake itafika. Mahubiri katika sakiti hugawanywa vivyo hivyo: kanisa kubwa la mjini, ambalo pengine ndilo linalochangia fedha nyingi zaidi, halipewi mchungaji kila Jumapili kwa sababu hiyo, na kanisa la kijijini lenye waumini kumi na wawili linayo zamu yake. Mfano huu una mahali unapokoma, kwa kuwa maji ni yaleyale kila siku, ilhali wahubiri hutofautiana, na tofauti hiyo ndiyo Wesley aliyoitaka.

Tufanye hesabu. Tuchukulie sakiti yenye makanisa 10 na wachungaji 3, kila kanisa likiwa na ibada moja kila Jumapili. Robo mwaka ina Jumapili 13, kwa hiyo visanduku vya kujazwa ni 130. Wachungaji, hata wasipopumzika Jumapili hata moja, watajaza 39. Visanduku 91 vinabaki, na hivyo hujazwa na wahubiri walei, yaani waumini wa kawaida, wasio wachungaji, waliokubaliwa kuhubiri: wakiwa 18, kila mmoja atahubiri mara tano hivi. Mchungaji msimamizi anayepanga ratiba hana budi pia kuangalia nani hana gari, nani alihubiri hapo mwezi uliopita, na ni kanisa gani halijapata Meza ya Bwana, kwa kuwa kwa kawaida mhubiri mlei haiongozi ibada hiyo. Nikiitazama karatasi hiyo naona kazi ya uchungaji iliyovaa sura ya hesabu.

Mhubiri mlei si mtu aliyeombwa kujaza pengo. Hufundishwa na kupimwa kwa muda mrefu, akihubiri kwanza chini ya uangalizi, kabla ya kukubaliwa rasmi. Mwanzo wa wahubiri walei unasimuliwa kupitia Thomas Maxfield, aliyeanza kuhubiri London bila ruhusa karibu mwaka 1740. Wesley alirudi kwa haraka kumzuia, lakini mama yake, Susanna, akamtahadharisha kwamba kijana huyo ameitwa na Mungu kama yeye Wesley alivyoitwa, na kwamba ayachunguze kwanza matunda. Maneno kamili ya mama huyo yametufikia kupitia waandishi wa maisha ya Wesley, kwa hiyo yapokelewe kwa tahadhari. Kwamba Wesley aliwakubali wahubiri walei, hilo halina shaka.

Swali linalofuata ni la haki: ikiwa mhubiri hupita kama msafiri, nani anajua kwamba bibi wa mstari wa tatu ni mgonjwa? Jibu lilipatikana Bristol mwaka 1742, na lilianzia kwenye deni. Jengo la jumuiya lilikuwa bado linadaiwa, na mmoja wa waumini akapendekeza kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Alipoambiwa kwamba maskini hawawezi, alijitolea kukabidhiwa watu kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Angewapitia kila wiki, na asiye na kitu, yeye mwenyewe angemlipia. Waliopita nyumba kwa nyumba kukusanya peni waliona mambo ambayo mhubiri mimbarani hayaoni: ugonjwa, ugomvi wa ndoa, mtu aliyerudia ulevi. Wesley akatambua kwamba alichokuwa akikitafuta kimepatikana, na makundi hayo yakawa madarasa, kila moja na kiongozi wake mkaaji wa palepale. Hivyo mhubiri huzunguka, na kiongozi wa darasa hubaki. Maisha ya jumuiya hayakuwekwa mikononi mwa mgeni wa Jumapili. Yaliwekwa kwa jirani.

Utaratibu huo ulifika pwani yetu mwaka 1862, Thomas Wakefield alipoanzisha misheni ya Kimethodisti huko Ribe, karibu na Mombasa. Kanisa la Methodisti nchini Kenya, linalojitegemea tangu mwaka 1967, bado linagawanywa katika sakiti.

Ipo pia ibada moja ambamo kanuni ya ratiba hutamkwa na waumini wote kwa vinywa vyao. Tarehe 11 Agosti 1755, huko Spitalfields mjini London, Wesley aliongoza Ibada ya Agano mbele ya watu wapatao 1,800, na makanisa ya Kimethodisti huirudia kila mwaka, mara nyingi Jumapili ya kwanza ya Januari. Katika sala ya agano inayotumika huko Uingereza, kila aliyepo, mwenye jina katika ratiba na asiye nalo, humwambia Mungu kwamba yeye si mali yake mwenyewe tena, na kumwomba amweke katika kazi aitakayo, na ampange pamoja na yeyote amtakaye.