Kuhamisha injini: maana yake kwa anayefufua gari la zamani

Kwenye gereji za Mwanga, hapa Kigoma, mtu akikuambia amebadilisha injini bado hujajua amefanya kazi gani. Huenda alifungua injini yake ileile, akaifanyia ovahoo na kuirudisha. Huenda alitoa iliyokufa na kufunga nyingine ya aina hiyohiyo iliyotumika Japani. Au aliweka injini ambayo gari hilo halikutoka nayo kiwandani: dizeli mahali pa petroli, kubwa mahali pa ndogo, ya Toyota ndani ya Land Rover. Hiyo ya tatu ndiyo kuhamisha injini, vijana wa gereji husema kuswopu, na ndiyo ninayoieleza hapa. Wengi wanaoanza kufufua magari ya zamani nyumbani kwao huikadiria kwa bei na muda wa ile ya pili, na ndiyo sababu magari mengi mazuri yamebaki juu ya matofali nyuma ya nyumba.

Kuhamisha injini ni kulifanya gari zima likubaliane na injini ngeni. Kung'oa na kufunga huchukua sehemu ndogo tu ya kazi. Kazi kubwa iko kwenye vile vinavyoizunguka injini: giaboksi, maunti (vishikizi vya injini kwenye chasisi), rejeta, mabomba ya mafuta, umeme, breki, propela (shafti ndefu inayotoka giaboksi), difu (gia za kwenye ekseli zinazogeuza magurudumu), na mwisho kadi ya gari. Kila kimoja kilipimwa kiwandani kwa injini ya kwanza. Ukiiondoa, vipimo vyote hivyo vinahitaji kuangaliwa upya.

Mkoa wetu una magari ya kutosha kwa kazi hii. Land Rover 109 za misheni na serikali, Hilux za miaka ya 1980 na 1990, Land Cruiser zilizouzwa kwenye minada na mashirika yaliyohudumia wakimbizi wa Burundi na Kongo. Na hali ya chasisi zake mara nyingi ni nzuri kuliko ya magari ya pwani, kwa sababu hapa hakuna upepo wa chumvi. Ziwa letu ni la maji baridi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haiozi kwa kutu kama bati. Kwa hiyo unakuta gari lenye mifupa mizima na injini iliyonoki. Ukiwa unapenda magari na una jioni zako na Jumamosi zako, hapo ndipo hamu inapoanza.

Kabla ya hamu kukupeleka mbali, pima injini uliyonayo. Pima kompresheni ya kila silinda, angalia oili kama ina maji, sikiliza mlio unatoka juu kwenye valvu au chini kwenye krenki, shafti kuu ya injini. Ovahoo kwa kawaida ni bloku kwenda kwa fundi wa lesi, silinda zichongwe na kufungwa pistoni za ovasaizi, mara nyingi 0.50 au 1.00 mm juu ya kipimo cha awali, krenki isagwe na kuwekewa mentali (bearingi zake za vipande viwili) zinazolingana, kisha ringi mpya, gasketi na sili. Mimi nasimama upande wa ovahoo pale spea zinapopatikana. Gari linabaki vile lilivyosanifiwa na kadi haiguswi. Kuhamisha injini kuwe jibu pale bloku imepasuka, spea zimeadimika, au injini ya awali kweli haitoshi kwa kazi unayolitakia gari.

Kuhamisha kulikorahisi kuliko kote ni kule kunakobaki ndani ya ukoo mmoja. Mfano mzuri ni dizeli za Toyota za herufi L. 2L ina ujazo wa cc 2,446, 3L cc 2,779, na 5L cc 2,986. Ni bloku za ukoo mmoja: tundu la silinda lilipanuliwa kutoka mm 92 hadi 96 na kisha 99.5, na mwendo wa pistoni ukaongezwa kutoka mm 92 hadi 96. Mtu mwenye Hilux ya 2L iliyochoka akipata 3L au 5L nzima, sehemu nyingi zinakaa palepale, na pampu ya dizeli ni ya kimakanika isiyodai kompyuta. Hata hivyo angalia injini imetoka kwenye gari gani. Iliyotoka Hiace haina sampu (bakuli la oili chini ya injini) sawa na ya Hilux inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, kwa kuwa Hilux hiyo ina difu mbele inayohitaji nafasi chini ya injini. Unahamisha sampu ya zamani pamoja na bomba la kunyonyea oili, na maunti za pembeni vilevile. Halafu funga mkanda mpya wa taimingi kabla injini haijaingia, hata kama uliopo unaonekana mzima. Mkanda wa injini hizi ukikatika, pistoni zinakutana na valvu, na huna tena injini ya kufunga.

Ukitoka nje ya ukoo, swali la kwanza ni namna injini itakavyoshikana na giaboksi. Tundu za bolti nyuma ya bloku zinalingana na nyumba ya klachi? Flaiwili ni ya kipenyo gani? Meno ya klachi yanaingia kwenye shafti ya giaboksi hii? Ncha ya shafti hiyo inapata bearingi ya kuishikilia katikati ya krenki? Jibu la "hapana" mahali popote hapo linakulazimu kuchagua: uilete injini na giaboksi yake, au uchongeshe bamba la chuma la kuunganisha. Bamba ni kazi ya fundi wa lesi mwenye vipimo vya kuaminika. Likikaa pembeni hata kwa sehemu ndogo ya milimita, shafti inazunguka ikiwa imelazimishwa, klachi inatetemeka na bearingi ya mbele ya giaboksi inakufa mapema. Ukileta injini na giaboksi yake, urefu wote unabadilika, kwa hiyo propela inakatwa au kurefushwa na kubalansiwa, na gia stiki inatokea mahali pengine sakafuni. Kwa mtu anayejifunza nyumbani, naona afadhali injini na giaboksi zije pamoja. Propela inachomelewa na fundi yeyote makini. Bamba baya huligundui mpaka uwe umeshaunga kila kitu.

Land Rover ina upendeleo wake hapa. Injini ya lita 2.25 ya zile Series, Land Rover za zamani kama hiyo 109, petroli na dizeli, ndiyo iliyozaa lita 2.5 na baadaye dizeli ya turbo iitwayo 200Tdi ya mwaka 1989. Kwa sababu ya ukoo huo, 200Tdi inakubali giaboksi ya Series kwa marekebisho madogo. Lakini tazama nguvu. Dizeli ya 2.25 ilikuwa na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha shafti, wa Nm 140 hivi. 200Tdi ina 265. Giaboksi iliyozoea kiasi cha kwanza inapewa karibu mara mbili, na dereva anayeachia klachi kwa pupa akiwa na mzigo kwenye kilima cha kwenda Kasulu ataisikia ikilia. Breki za Series ni za dramu magurudumu yote manne, zilizopangwa kwa gari lililokuwa likichoka lenyewe likifika kilomita 80 kwa saa. Na difu za 4.7 (propela huzunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja) zinaifanya injini mpya izunguke kwa kasi kubwa kwenye lami bila faida. Ndiyo maana wapenzi wa Land Rover hutafuta difu za Discovery za 3.54. Umeona mambo yanavyofuatana: ulianza na injini, sasa uko kwenye breki na difu. Hapo ndipo wengi wanapoishiwa hela, na hapo ndipo nasihi mtu aanze na breki kabla hata ya kununua injini.

Kutoka petroli kwenda dizeli kuna jambo ambalo linaweza kuua, na nashangaa linavyotajwa kwa nadra. Busta ya breki, ile inayokusaidia kukanyaga pedali, inafanya kazi kwa mvuto wa hewa. Injini ya petroli inautengeneza mvuto huo yenyewe, kwa sababu kuna kilango kinachobana hewa inayoingia. Bomba linatoka kwenye manifoldi, njia ya hewa inayoingia kwenye silinda, hadi kwenye busta. Dizeli nyingi za zamani hazina kilango hicho, kwa hiyo manifoldi haina mvuto wa kutosha. Zina pampu ya pekee, kwenye Toyota nyingi imefungwa nyuma ya oltaneta. Ukinunua injini iliyobadilishiwa oltaneta isiyo na pampu, ukaunga bomba la busta kwenye manifoldi kama zamani, gari litawaka, litatembea, na pedali itakuwa ngumu kama jiwe siku ya kwanza utakapohitaji kusimama haraka.

Mengine ya dizeli ni haya. Tangi na mabomba yasafishwe kabisa, na liwepo bomba la kurudisha mafuta yanayobaki kutoka kwenye nozeli. Dizeli za aina hii hukaza hewa mara 22 hivi, ambapo petroli ya zamani hukaza mara 8, kwa hiyo betri iwe na nguvu na nyaya za stata ziwe nene. Angalia pia volti: kuna Land Cruiser za dizeli za zamani zilizotumia 24, na stata au plagi za kupashia joto za 24 hazitafanya kazi ipasavyo kwenye gari la 12, wala kinyume chake. Na injini inazimwa kwa kukatiwa mafuta, si kwa kukatiwa moto wa plagi.

Kuhusu umeme nina msimamo. Kwa gari litakalokaa Kigoma, chagua injini ya pampu ya kimakanika. 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2, bila turbo, ikishawashwa inahitaji umeme kidogo sana ili iendelee kuwaka. 1KZ-TE ya lita 3.0 ina turbo na ni laini zaidi barabarani, lakini ina kontroli boksi, vihisio na wayaringi yake yote, na ukikosa sehemu moja unaisubiri kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Hedi yake pia haivumilii joto. Mtu anayeuza injini ya aina hii bila wayaringi iliyokatwa kwa uangalifu na bila boksi lake anakuuzia nusu ya injini.

Mfano mkubwa kuliko yote wa kazi hii umekuwa bandarini kwetu muda wote. Meli ya MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande hadi Kigoma na kuunganishwa hapa. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, wakiwa wameshaipaka mitambo yake grisi nzito ili maji yasiile. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikiendelea kutumia mvuke. Dizeli ilikuja miaka ya 1970. Tunapoenda kuitazama watu hushangazwa na umri wa bodi, mimi huwaza kazi ya wale waliotoa mitambo ya mvuke na kuingiza dizeli. Mvuke unataka boila na maji; dizeli inataka matangi, pampu na hewa. Ni kazi ileile ya kupanga upya kila kinachoizunguka injini, kwenye chombo chenye urefu wa mita 70 hivi.

Kuinua injini nyumbani: tumia cheni bloku kwenye fremu ya mabomba mazito ya miguu mitatu iliyochimbiwa, au krini ya gereji ya kukodi. Huku kwetu, hasa Ujiji, kivuli cha mwembe ndiyo gereji ya wengi, na wengi hufunga mnyororo kwenye tawi. Tawi la mwembe linaweza kuwa limeliwa ndani bila kuonyesha nje, na dizeli ya silinda nne ina zaidi ya kilo 200. Fanya kazi kivulini, lakini mzigo ubebwe na chuma.

Injini ikishakaa, usikimbilie barabarani. Zungusha kwa stata bila kuwasha mpaka presha ya oili ionekane. Washa, angalia uvujaji, acha ipate joto hadi thermostati ifunguke, ongeza maji. Rejeta ya gari la awali ikiwa ndogo, utaijua kwenye mlima, kwa hiyo safari ya kwanza iwe ya karibu na tambarare. Baada ya kilomita chache za mwanzo kaza upya maunti, bolti za nyumba ya klachi na za ekzosi, na mwaga oili mapema kuliko kawaida, kwa sababu itabeba uchafu wote uliokuwa umekaa.

Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Namba mpya inapaswa kuandikishwa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) baada ya gari kukaguliwa, na ikiwa umetoka petroli kwenda dizeli au ujazo umebadilika, hayo nayo yaandikwe. Tunza risiti ya injini au hati ya mnada iliyotoka nayo, iliyoandikwa namba hiyohiyo iliyogongwa kwenye bloku, na soma namba kwa macho yako kabla ya kulipa. Ijulishe pia kampuni ya bima. Injini isiyo na hati inaweza kuwa imetoka kwenye gari la wizi, na ikigundulika, gari ulilolijenga jioni zako zote linalala kituo cha polisi pamoja nayo.