Chapa ndogo ya kahawa Lamu: dhana potofu na ukweli

Mji wa Lamu umekunywa kahawa kwa vizazi vingi, na kwenye baraza zake ni vigumu kumpata mtu mzima asiyejua dele (birika la kahawa) lililoiva vizuri. Ujuzi huo nauheshimu. Hata hivyo, kijana anayetaka kukaanga buni (punje mbichi za kahawa), kuisaga na kuiuza katika pakiti yenye jina lake hupewa mawaidha ambayo mengine humla mtaji.

Linaloumiza zaidi ni hesabu, kwani wengi huamini kwamba anayenunua kilo 10 za buni atauza kilo 10 za kahawa. Buni iliyokaushwa vizuri bado ina maji ya asilimia 10 hadi 12, na motoni hupoteza maji hayo pamoja na gesi na maganda membamba, hata uzito ukapungua kwa asilimia 15 hadi 20 kulingana na ukaangaji. Tuseme umenunua kilo 10 kwa shilingi 10,000, zikatoka kilo 8.4: kila kilo imekwisha kukugharimu takriban shilingi 1,190, nawe hujalipia gesi, pakiti, gari hadi Mokowe upande wa bara, mashua ya kuvusha magunia wala punda wa kuyafikisha dukani. Mwenye kupanga bei akianzia shilingi 1,000 anakula mtaji wake mwenyewe akidhani ni faida.

Dhana nyingine ni kwamba daraja la AA ndilo tamu kuliko yote. Herufi hizo hueleza hasa ukubwa wa punje zinazopita au kubaki kwenye chekeche, wala si hukumu ya ladha. AB, yenye punje ndogo kidogo, ya Nyeri au Kirinyaga iliyochumwa ikiwa imeiva na kuchachushwa kwa uangalifu yaweza kuishinda AA iliyotunzwa vibaya. Kwa maoni yangu, chapa changa ionje kwanza kikombeni, kisha ndipo iulize daraja.

Wapo pia wanaodhani kwamba kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi ndiyo yenye nguvu zaidi. Uchungu huongezeka, lakini kafeini haiongezeki kwa sababu ya weusi.

Kuhusu jina, kusajili jina la biashara hakukupi haki ya alama ya biashara, yaani jina au nembo ya bidhaa inayolindwa kisheria. Alama hiyo husajiliwa katika Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, hudumu miaka 10, kisha huhuishwa.

Dhana iliyonifunza mimi mwenyewe ni ile isemayo kwamba kahawa ifungwe ingali moto ili isipoteze harufu. Kahawa iliyotoka motoni huendelea kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi kwa siku kadhaa. Pakiti zangu za mwanzo, zisizo na tundu la kupitishia hewa, zilifura kama mito midogo, na mbili zikapasuka kwenye mshono juu ya rafu. Nilipoziacha wazi zipumue, hewa ya bahari ikaingia, na baada ya siku chache unga ulishikana vidoleni na harufu ikafifia. Sasa punje hupoa kwanza kwenye ungo, kisha huingia katika pakiti zenye vali (tundu linalotoa gesi bila kuingiza hewa), na husagwa siku mteja anapoagiza.