Mgonjwa haulizwi uji? Kwenye nguo za kazi, aulizwe

Nimeisikia tena. Mama mmoja, mtu mwema kabisa, kaleta mifuko ya nguo hapa kwetu, tunapowavika wanawake wanaokwenda kwenye usaili wa kazi, akakaa kupumzika kidogo, akamwona dada mmoja akivua koti na kulirudisha kwenye henga, akajaribu jingine, nalo akalirudisha. Dada alipoondoka mikono mitupu, mama yule akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kwani huyu anachagua nini? Mgonjwa haulizwi uji."

Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wao ndio wanaotuletea nguo tunazofanyia kazi. Lakini nimechoka kulijibu jambo hili mlangoni, mtu ameshika funguo za gari, kwa hiyo nalijibu hapa.

Ndiyo, anachagua, na kuchagua kwake ndiyo kazi yetu yenyewe. Sisi tunaojitolea hatukukusanyika kugawa nguo. Kugawa kungetuchukua asubuhi moja tu: foleni, mfuko, kwaheri. Tunachofanya ni kumsaidia mwanamke apate nguo ambayo akishaivaa hataifikiria tena. Koti analolivutavuta, blauzi anayoishikilia kifuani, sketi anayoogopa kukalia, vyote vinamla akili ambayo angeitumia kujibu maswali ya usaili.

Halafu kukataa kwake kunanifundisha. Anakataa sketi kwa sababu atafika huko kwa pikipiki. Anakataa kisigino kwa sababu baada ya maswali wataoneshwa ghala. Anataka vifungo vya mbele kwa sababu ananyonyesha. Hataki mikono mifupi kwa sababu ya imani yake, au kwa sababu ya kovu, na la kovu hatalisema. Mimi simuulizi mara ya pili. Akisema hataki, nguo inarudi kwenye henga na tunaendelea. Mwanamke aliyetoka gerezani, au aliyetoka kwenye nyumba ya kipigo, amekaa muda mrefu akiamuliwa na wengine hadi cha kuvaa. Siwezi kuwa mwingine wa kumwamulia.

Sasa nije kwenye linaloniudhi kuliko yote: "Mbona ni saizi yake?"

Namba iliyo kwenye lebo haikuhakikishii kitu. Marekani walijaribu kuiweka sawa. Mwaka 1939 na 1940 wanawake karibu 15,000 walipimwa mwili mzima kwa mradi wa wizara ya kilimo, matokeo yakachapishwa mwaka 1941, na vipimo vilivyotumika vilikuwa vya wanawake weupe peke yao. Mwaka 1958 kikatoka kiwango rasmi cha saizi. Kilikuwa cha hiari, na mwaka 1983 kikafutwa. Tangu hapo kila kampuni inajipangia, na nyingi zimeshusha namba huku nguo ikiwa pana zaidi, ili mnunuzi ajisikie vizuri dukani. Kwa hiyo mwanamke mmoja anaweza kuingia vizuri kwenye 10 ya kampuni moja na asipite mabega kwenye 14 ya nyingine. Dada akianza kuomba radhi kwa mwili wake eti "nimenenepa", huwa namwonesha suruali mbili za namba moja, nazilaza moja juu ya nyingine. Anaona mwenyewe kiuno kimoja kinavyompita mwenzake.

Ndiyo maana mimi naanza na bega. Mshono wa bega unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Kiuno cha koti fundi anakipunguza. Pindo linashushwa kama kitambaa kimebaki ndani. Mkono unafupishwa, isipokuwa kama una matundu halisi ya vifungo pale mwishoni, maana hapo unalazimika kukatwa kutokea juu. Lakini bega? Utoe mkono wote, pedi, bitana, ndipo uanze kukata, na malipo ya fundi yatapita thamani ya koti. Bega likikataa, nalirudisha papo hapo hata kama kitambaa ni cha sufu nzuri na rangi imempendeza. Hilo watu hawalielewi. Wanaona nimelinyima koti zuri nafasi.

Kifua nacho. Mwenye kifua kikubwa anapewa koti linalomkaa kiunoni, kisha kifungo cha juu kinavutika hadi shati la ndani linaonekana. Ni kinyume: chagua koti linalofunga kifuani bila kuvutika, kiuno fundi atakibana. Kwenye blauzi, shona kifungo kidogo cha kubonyeza kwa ndani, katikati ya vile viwili vinavyoachana. Ni kazi ya dakika chache na inamaliza wasiwasi wa siku nzima.

Kwapa ndilo linalobishaniwa zaidi. Watu wanaamini koti lenye kwapa pana, lililoshuka, ndilo linalompa mtu uhuru. Si kweli. Kwapa likishuka, mkono wa koti unafungamana na ubavu, na ukiinua mkono koti lote linapanda nao hadi kola inagusa masikio. Kwapa lililo juu, karibu na mwili, linaacha koti litulie wakati mkono unatembea. Mara ya kwanza linaonekana kubana, kwa hiyo simruhusu mtu aamue akiwa amesimama wima mbele ya kioo. Kusimama wima si kazi ya mtu yeyote. Aketi, akunje miguu anavyokunja kila siku, anyooshe mkono kama anayetoa faili rafuni, ainame kuokota kalamu, anipe mkono. Sketi iliyofika magotini akiwa amesimama itapanda akiketi, na suruali iliyokaa vizuri kiunoni inaweza kufunguka nyuma kama mdomo wa mfuko. Kioo hakimwambii hayo. Kiti kinamwambia.

Kwenye makoti mapya kuna uzi ulioshonwa kwa alama ya X pale kwenye mpasuo wa nyuma. Umewekwa ili koti lisiharibike umbo safarini na dukani, na unatakiwa kukatwa. Wengi hawajui, hata wenye vyeo, wanatembea nao miaka. Nampa mwenyewe mkasi mdogo aukate, taratibu, bila kugusa kitambaa. Kile kilebo cha kitambaa kilichoshikizwa juu ya mkono wa koti nacho kinatoka. Mifuko ya nje iliyoshonwa inaweza kubaki hivyo hivyo, inasaidia koti kutulia.

Rangi sina mengi ya kusema: bluu nzito, kijivu, nyeusi, na juu yake chochote anachokipenda. Viatu ndivyo vya kuangalia kwa makini. Kiatu kilichokaa kabatini miaka mingi kinaweza kuwa kipya machoni na soli yake ikavunjikavunjika siku ya kwanza, kwa sababu soli za poliuretani huharibika taratibu kwa unyevu wa hewa hata zisipovaliwa. Huwa naikunja soli kwa mikono na kubonyeza kisigino kwa kidole gumba. Ikiacha unga au ufa, inatupwa. Afadhali aende na viatu vyake vilivyosuguliwa kuliko apoteze kisigino kwenye ngazi za watu.

Na je, nguo kweli zinampa mtu kazi? Hapa nitasema ninavyoamini, ingawa wenzangu hawapendi nikisema mbele ya wafadhili. Mwaka 2012 watafiti Hajo Adam na Adam Galinsky walitangaza majaribio yaliyosifiwa sana: waliovaa koti jeupe walioambiwa ni la daktari walikuwa makini zaidi kuliko walioambiwa ni la mchoraji. Tangu hapo tumelisikia kwenye kila semina, kwamba ukivaa vizuri unafikiri vizuri. Mwaka 2019 watafiti wengine walirudia jaribio la kwanza katika yale, wakiwa na washiriki wengi zaidi, na matokeo yale hayakujitokeza. Kwa hiyo mimi silitumii tena.

Hata hesabu zetu wenyewe nazitilia shaka. Wanawake wengi wanaoletwa kwetu tayari wameitwa kwenye usaili. Wameshaandika barua, wameshapita mchujo. Wakipata kazi, tunaandika kwamba tumefanikiwa, lakini nani atatenganisha koti na jitihada zao? Ninachokiona kwa macho ni kidogo zaidi, nacho kinanitosha: mtu akivaa kinachomkaa, mikono yake inaacha kutafuta nguo na inatulia.

Kuna pengo jingine ambalo mifuko ya suti hailizibi. Usaili ni saa moja, kazi ni kila siku, na mshahara wa kwanza haufiki wiki ya kwanza. Dress for Success, shirika lililoanzia New York mwaka 1997, limejengwa juu ya ufahamu huo: nguo ya usaili kwanza, na mwanamke akipata kazi anarudi kuongezewa za kuanzia. Anayefanya hivi kwa kiwango kidogo naye afikirie hivyo hivyo. Suruali mbili na blauzi tatu zinazooana zote zitamvusha kuliko suti ya pili. Na kama kazi ni ya usafi hospitalini, au jikoni, au ghalani, suti haina nafasi kabisa. Anahitaji viatu visivyoteleza na soksi nzuri, na hivyo ndivyo vitu ambavyo karibu hakuna anayeleta.

Basi kwa wanaotaka kuleta: tunajazwa saizi ndogo, kwa sababu watu hutoa nguo walizozipita. Saizi kubwa zinaisha siku ile ile zinapofika, pamoja na viatu vipana visivyo na kisigino. Fua kwanza, na unuse kwapa baada ya kufua, hasa poliesta, maana inashika harufu ya jasho na kuirudisha mwili ukipata joto. Angalia zipu. Kifungo kimepotea? Lete hivyo hivyo, kopo la vifungo tunalo. Doa la kola usituletee. Na ukiwa na muda, kaa kidogo umwone mwanamke akijaribu, ukimwona anarudisha nguo yako kwenye henga, muulize inambana wapi.