MBA ya muda wote: bei yake haiko kwenye barua ya ada

Juzi baada ya Isha kijana wa jirani alinikuta barzani, akakaa, akaagiza kahawa tungu mbili, yangu na yake, nami nikajua pana jambo. Ana miaka sita kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, anajua kuukimbiza mzigo kuliko mabosi wake. "Ami," akaniambia, "nataka niache kazi nikasome MBA, ile digrii ya uzamili ya biashara, ya muda wote. Nimepiga hesabu, naweza." Akanipa karatasi. Hesabu yenyewe ilikuwa mstari mmoja: ada ya chuo.

Nilicheka, kisha nikajirudi, kwani mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo hilo. Niliklia mizigo miaka tisa, nikaacha, nikaenda kusoma mwaka mzima nje ya nchi, na leo ninashauri biashara za familia mambo ya fedha. Kwa hivyo haya ninayoandika nimeyalipia kwa mfuko wangu.

Hebu fikiria kontena lililokwama bandarini. Mwenye mali atalalamikia storeji, yaani malipo ya mzigo kulala bandarini, kwa sababu storeji ina risiti. Lakini mfanyabiashara mzoefu anajua kinachomuumiza zaidi hakina risiti: ni ile bidhaa ambayo ingekuwa dukani inauzwa, na haiko. MBA ya muda wote ni hivyo hivyo. Ada ni storeji. Mshahara usioupokea ndio bidhaa iliyolala ndani ya kontena.

Nikageuza ile karatasi nikaanza upya. Tuseme mkononi unapokea shilingi 110,000 kwa mwezi. Mwaka mmoja bila mshahara ni 1,320,000. Ada tuseme 2,500,000, nikitumia tu tarakimu yake. Kisha gharama ya kuishi, na hapa watu wengi huzidisha: usihesabu chakula chote, kwani hata ukibaki Mombasa utakula. Hesabu ile ziada tu. Yeye anakaa kwao Majengo, halipi nyumba, mahamri na mbaazi za asubuhi ni za mamake. Kule atalipa kodi, nauli, nguo za baridi. Tukaweka 600,000. Jumla 4,420,000.

"Lakini nikirudi nitapata 190,000," akasema. Sawa. Ila usilinganishe 190,000 na 110,000. Ungebaki kazini ungepandishwa kidogo, tuseme ufike 125,000. Faida ya digrii ni tofauti ya hizo mbili, yaani 65,000 kwa mwezi, 780,000 kwa mwaka. Gawanya: miaka mitano na miezi kama minane kabla pesa hazijarudi. Na hapo tumejaalia kazi ya 190,000 inakungoja mlangoni siku ya kuhitimu. Kila mwezi unaokaa nyumbani ukituma maombi ya kazi, ongeza kwenye gharama.

Akanyamaza. Kahawa ikapoa.

Sikumwambia asiende. Nilimuuliza anataka nini, kwa sababu jibu la hapo ndilo linaloamua. Kama ni cheo katika ofisi ile ile, au herufi tatu za kuweka baada ya jina, matawi ya vyuo vikuu hapa mjini yanafundisha MBA jioni na wikendi. Utachoka, utakosa harusi za watu, lakini mshahara utaingia na la darasani Jumamosi utalijaribu ofisini Jumatatu. Muda wote una maana kwa anayetaka kuhama: kutoka forodha kwenda benki, kutoka benki kwenda ushauri, au kutoka Mombasa kwenda soko jingine kabisa.

Na anayehama aangalie urefu wa kozi kabla ya jina la chuo. Marekani kwa kawaida ni miaka miwili, na katikati kuna likizo ndefu ya kiangazi ambapo mwanafunzi huenda kufanya kazi ya majaribio kwenye fani anayoitaka. Wengi huajiriwa kwa njia hiyo. Ulaya mtindo wa mwaka mmoja ulipewa nguvu na INSEAD, chuo kilichoanzishwa Fontainebleau, Ufaransa, mwaka 1957. Oxford na Cambridge nao hufundisha kwa mwaka, na Cape Town vilevile. Mwaka mmoja unakuokolea mshahara wa mwaka wa pili, ila nafasi ya kujaribu fani mpya inakuwa finyu au haipo. Mimi nilichagua mwaka mmoja kwa ajili ya pesa, na nililijutia hilo mwezi wa nane, wenzangu waliokuwa wakibaki kwenye fani zao walipokuwa na barua za kazi nami bado najieleza mimi ni nani.

Sasa darasani kuna nini? Watu hudhani ni mihadhara. Kuna mihadhara, hasa ya uhasibu na takwimu, lakini moyo wa shule nyingi za biashara ni kisa. Unapewa kurasa kumi na tano hivi za kampuni iliyokwama, majedwali nyuma, na meneja anayetakiwa kuamua kesho asubuhi. Unasoma usiku, asubuhi mwalimu anaingia, hatoi salamu ndefu, anakutaja jina: "Wewe ungefanya nini?" Harvard, iliyofungua shule yake ya biashara mwaka 1908, iliushika mtindo huu kwa nguvu chini ya mkuu wake Wallace Donham, mwanasheria aliyeshika usukani 1919. Aliuchukua kwa wanasheria wenzake, ambao wamezoea kufundishana kwa kesi. Ndiyo maana darasa linafanana na mahakama, na anayenyamaza hupoteza alama, kwani kuchangia ni sehemu kubwa ya maksi.

Kwa sisi tuliolelewa kunyamaza mbele ya mwalimu, wiki tatu za kwanza ni mateso. Nilikuwa nikisubiri nipate jibu kamili kichwani, nikilipata mjadala ushavuka ng'ambo kama feri ya Likoni. Dawa niliyoipata ni kusema neno dogo mapema, hata swali, kabla moyo haujaanza kupiga.

Siku iliyonibadilisha haikuwa ya kisa, ilikuwa ya mchezo. Unaitwa mchezo wa bia, ulibuniwa chuo cha MIT, Marekani, katika miaka ya 1960, na hamna bia yoyote, ni vipande vya karatasi badala ya kreti, na meza ndefu. Wachezaji wanne: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji, kiwanda. Hakuna kuzungumza. Kila mmoja anaona oda ya aliye mbele yake tu, na mzigo unaouagiza unachukua wiki kadhaa kufika. Kreti iliyolala stoo inakugharimu nusu dola kwa wiki, kreti unayodaiwa na mteja inakugharimu dola nzima.

Nilikuwa msambazaji. Wiki za mwanzo shwari, oda nne, nne, nne. Kisha muuza jumla akaanza kuniomba nane, kumi na mbili, ishirini. Stoo ikaisha. Nikaagiza thelathini, hazikuja, nikaagiza arubaini. Mwenzangu wa kiwandani ananitazama kama mwizi. Halafu mzigo wote ukafika kwa pamoja, na wakati huo huo muuza jumla akaacha kuagiza kabisa. Nikabaki na mlima wa karatasi, nalipa nusu dola kwa kila moja. Tuliulizwa mteja wa mwisho alifanya nini, sote tukachora milima na mabonde. Mwalimu akafunua karatasi: kreti nne kwa wiki, wiki ya tano akapanda hadi nane, na hakubadilika tena. Mtetemo wote tuliutengeneza wenyewe.

Wenzangu walishangaa. Mimi niliona tende. Babu yangu alikuwa na duka karibu na Marikiti, na nilikuwa nikisikia kisa hicho takriban kila mwaka bila kujua jina lake. Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani, muuza duka mtaani anaongeza oda kidogo, muuza jumla akiona hivyo anaongeza zaidi asije akakosa, mwenye kuagiza kutoka nje anaongeza kontena zima, na meli inatia nanga Kilindini watu washakula Idi. Shawwal tende zinauzwa bei ya kutupa. Babu alikuwa akiilaumu meli. Wataalamu wanaiita athari ya mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka mbali. Dawa yake ni kupunguza muda wa kungoja na kumwonyesha kila mtu kwenye mnyororo mauzo halisi ya dukani, badala ya oda. Nusu ya kazi yangu ya leo na wateja wangu ni hiyo tu.

Lipo suala ambalo brosha hazilitaji, nalo kwetu ni zito: riba. Mikopo mingi ya wanafunzi wa MBA ni ya riba. Benki zetu za kufuata sharia zilianza Kenya mwaka 2008, na mkataba wanaoupenda ni murabaha, benki inanunua kitu na kukuuzia kwa faida. Gari au mashine ni rahisi. Ada si kitu cha kuegeshwa nje ya benki, kwa hivyo uliza mapema wana mkataba gani wa huduma kama elimu, na uutazame na mtu mwenye elimu ya dini, usimwachie afisa wa mauzo. Njia nyingine ni ufadhili. Chevening ya Uingereza inapokea waombaji wa MBA wenye uzoefu wa kazi wa miaka miwili, ila ina kikomo cha ada inayolipa kwa MBA na kinachozidi ni juu yako, na ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani miaka miwili.

Mtihani wa kuingilia, GMAT, unatisha zaidi kwa jina. Ni saa mbili na robo, sehemu tatu za dakika arubaini na tano kila moja: hesabu, lugha, na kusoma data. Alama ni kati ya 205 na 805, na hudumu miaka mitano, kwa hivyo ufanye ukiwa bado kazini na mshahara unaingia. Hesabu zake hazipiti sana za sekondari. Kinachoua ni saa.

Kijana wangu ameshapanga tarehe, Novemba. Juu ya ile hesabu ya barzani bado hajaniambia neno, ila karatasi aliondoka nayo. Nimempa kitabu changu cha zamani cha kujiandalia. Sura ya jiometria nimeibana kwa pini, maana toleo la sasa la mtihani limeiondoa, asije akakesha nayo bure.